Msikilize Akisoma

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa watoto wanaoanza Darasa la Kwanza, uliotolewa na mwalimu wa darasa hilo katika shule moja ya msingi ya serikali, Manispaa ya Moshi, Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa.

Wazee wangu mliokaa huko nyuma kwenye mabenchi, shikamooni. Akina mama, akina baba, habari za asubuhi. Najua kuna waliokuja mbio, wameacha ndizi zao sokoni Mbuyuni zikiangaliwa na jirani, kwa hiyo sitawaweka hapa mpaka jua la saa sita. Wengine bado mna uchovu wa Desemba. Mmepanda nyumbani Rombo na Kibosho kwa Krismasi, mmehesabiwa na ukoo, mmeshuka, na sasa pochi ikitikiswa inalia sarafu tu. Januari yetu ndivyo ilivyo.

Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye Darasa la Kwanza. Zamani kikao hiki nilikitumia kusoma orodha: sare, madaftari, fagio la chelewa, ndoo, na mzazi anaandika kwenye kiganja. Orodha ya mwaka huu imebandikwa pale mlangoni, ipigeni picha mkitoka. Leo naomba kitu kimoja ambacho hakiuzwi soko la Memorial wala la Kiboriloni, na kabla sijakitaja naomba tufanye hesabu kidogo. Chaki ninayo.

Mpaka jana jioni niliwasajili watoto 94. Mkondo ni mmoja, chumba ni kimoja, mwalimu ni mimi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, nyote mnajua, sina haja ya kulalamika. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 walikuja watoto ambao tungewakuta wanachunga mbuzi au wanabeba vikapu sokoni, na mimi nawataka hapa, hata wakikaa wanne kwenye dawati la watatu. Lakini tuhesabu. Kipindi kimoja ni dakika 30. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawanya kwa 94. Baba mwenye kofia, umepata ngapi? Kumi na tisa, asante. Sekunde 19 kwa mtoto, na hapo sijaandika ubaoni, sijachonga penseli ya mtu, sijamtoa mtu haragwe puani. Maharage tunayotumia kuhesabia kila mwaka kuna yanayoishia puani.

Sasa mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Hata kama kila siku ningetenga kipindi kizima nisikilize tu, mmoja mmoja, mtoto wako angenisomea kwa muda wa saa moja hivi mwaka mzima. Saa moja. Mechi ya mpira haijaisha.

Upande wa pili wa ubao. Dakika 5 nyumbani, kila siku ya shule. Tano mara 194 ni 970. Hizo ni saa 16 na dakika 10.

Basi ombi langu ndilo hilo. Dakika 5 kwa siku, ukae chini, mtoto akusomee, wewe usikilize. Sijasema umfundishe. Tena wengine nawaomba kabisa msifundishe, na nitawaambia kwa nini.

Sisi tunaanza na sauti. Herufi hii hapa, mimi simwambii mtoto kwamba inaitwa "be". Namwonyesha midomo ikifungwa na kuachia, namwambia hii ndiyo sauti yake, na ikikutana na a inatoka "ba". Ba na ba, "baba". Kiswahili kimetupendelea sana hapo, ukishajua irabu tano na sauti za konsonanti unasoma karibu kila kitu unachokiona, mpaka tangazo la bajaji. Mtoto anarudi nyumbani. Kaka yake wa Darasa la Sita, au mama mwenyewe, anachukua daftari: "Sema be! Sema a! Be, a, be, a, inakuwa nini?" Mtoto anafikiri, anajibu kwa uaminifu kabisa: "Beabea." Anapigwa kofi. Na mantiki yake ilikuwa sahihi, sisi wakubwa ndio tumemchanganya. Kesho yake anakuja kwangu, nikimwonyesha b ananyamaza, ananiangalia mdomo kwanza ajue leo inaitwaje.

Kwa hiyo akikwama nyumbani, mpe muda. Hesabu mpaka kumi moyoni. Akishindwa, mwambie silabi hiyo aendelee, na kesho yake nitumie karatasi au nipigie simu: Mwalimu, huyu anakwama kwenye "mba". Hiyo ni dhahabu kwangu. Watakwama sana kwenye "mbwa", "ng'ombe", "nyanya", maneno yenye sauti zilizobanana. Hakuna cha kushtuka mpaka katikati ya mwaka.

Najua kuna mtu anajisemea, mimi sijui kusoma, huyu mwalimu hanihusu. Nakuhusu wewe hasa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mtoto aliyelelewa na bibi yake huko Uru. Bibi alikuwa hajui hata a. Siku moja alishuka na daladala ya asubuhi, akanikuta nafungua darasa, akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu ananidanganya." Nikamuuliza anadanganya vipi, mbona mtoto yule darasani anasoma vizuri tu. Bibi akafungua kitabu cha mtoto, akaweka kidole kwenye neno la mwisho la mstari. Akasema, "Nikimwambia asome, anasoma mpaka chini. Nikimwekea kidole hapa peke yake, anarudi mwanzo, anaanza kuimba upya mpaka afike kwenye kidole changu."

Nilimwita mtoto palepale. Kweli. Alikuwa amekariri kitabu chote kwa kuwasikiliza wenzake, ukurasa kwa ukurasa, akisaidiwa na picha. Mimi mwenye cheti cha ualimu, mwenye sekunde 19, nilikuwa nimempigia makofi. Bibi asiyejua a alimkamata kwa kidole kimoja.

Tangu hapo kidole cha yule bibi ndicho kipimo changu. Fanyeni nyumbani. Funika picha kwa kiganja. Weka kidole katikati ya mstari, si mwanzoni. "Hili linasemaje?" Akirudi mwanzo kuimba, usimgombeze wala usimwite mwongo; kukariri nako ni akili, ila bado hajaanza kusoma. Njoo uniambie.

Mkikaa naye karibu hivyo mtaona na mengine. Mtoto anayeinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi. Anayegeuza shingo upande mmoja ukimwita. Kuna mvulana niliyemweka nyuma kwa sababu ni mrefu, nikamwandikia mama yake mara mbili kwamba mtoto ni mvivu wa kunakili. Alikuwa haoni ubao. Mama ndiye aliyegundua, kwa kuwa alipompa kitabu mkononi alisoma bila shida. Alipopimwa akapewa miwani, na nilimwomba mama yule msamaha. Hapa mjini hatuna kisingizio, tuna idara ya macho pale hospitali ya KCMC ambayo watu wanasafiri kutoka mbali kuifuata, na sisi tunapita nje yake kwa bodaboda kila siku.

Mkono wa kushoto: mwacheni. Najua wazee wetu wanaona ni utovu wa adabu, na kula kwa mkono gani hayo ni ya kwenu nyumbani. Penseli ashike kwa mkono unaomtii. Nimeona daftari la mtoto aliyelazimishwa mkono wa kulia, karatasi imetoboka kwa kufutwa, namba 3 moja imeandikwa na kufutwa mara sita mpaka limebaki tundu, na kupitia tundu unasoma kazi ya jana yake. Hizo 3 zinazotazama upande usio wake, nazo zisiwatie wasiwasi mwaka huu. Wengi wanazigeuza wenyewe baadaye.

Na kisu au kiwembe cha kuchongea penseli kisije shuleni. Kichongeo ni bei ya pipi.

Nije kwenye jambo ambalo wazazi huniuliza kwa kunong'ona baada ya kikao, bora nilijibu hadharani. Viboko. Kanuni zipo tangu 2002: anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye kibali cha maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kwa hiyo mtoto akirudi na alama, una haki ya kuja kuuliza imeandikwa wapi. Njoo ofisini kwa utaratibu, usije darasani kunisimamishia kipindi. Mimi darasani kwangu fimbo ninayo, ni ya kuonyeshea herufi ubaoni. Lakini naomba na mimi niwaulize: mtoto wa miaka sita anayepigwa kwa sababu ya "beabea" saa mbili usiku, hilo limeandikwa kwenye kitabu gani?

Mtoto akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na Jumamosi amepona, usikimbilie dawa ya minyoo. Muulize, lakini usimuulize uso kwa uso kama polisi. Muulize mkiwa mnachambua mchicha, au mnatembea. "Leo ulikaa na nani? Uji ulikunywa? Nani alilia?" Mtoto hajui kusema "naonewa". Atakwambia kuna kaka mkubwa kule chooni anaitaka shilingi mia mbili yake ya ubuyu. Ukiuliza "shule vipi?" atajibu "nzuri", yameisha.

Hapo kwenye uji. Kuna wanaosema serikali inalipa kila kitu. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo shilingi 4,000 ni za vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000, ndizo za chaki, ukarabati, mitihani na mengine. Gawanyeni wenyewe kwa siku 194 muone kama kuna kikombe cha uji. Mahindi na maharage ni yetu, tulikubaliana kwenye mkutano, na kamati ya shule ina daftari la waliotoa. Sitawataja. Ila mtoto aliyetoka Pasua kwa mguu bila kitu tumboni, ikifika saa nne hata mimi nikigeuka simba hanioni.

Wiki ya kwanza watalia. Mfikishe, mkabidhi, ondoka. Usichungulie dirishani, kwa sababu akikuona tu wanalia kumi.

La mwisho, "wa ngapi". Juni tukifunga, mtapokea ripoti, na najua macho yenu yatakimbilia wapi. "Wa 61? Mtoto wa mama nani amekuwa wa ngapi?" Baraza la Mitihani lenyewe mwanzoni mwa 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, sisi huku bado tunawapanga watoto wa miaka sita kama magunia ya kahawa mnadani. Mtoto aliyekuja hajui irabu, akafika Juni anasoma "kaka anakata kuni", anaweza kuwa wa 61 kwangu. Na yupo wa 5 aliyekuja anasoma tayari, hajaongeza kitu. Nani kati yao amefanya kazi? Mkipokea ripoti, mrukeni huo mstari, mpeni mtoto kitabu mkae chini. Mtajua zaidi ya nilichoandika.

Mama pale umenyoosha mkono. Ndiyo... Anauliza, yeye anarudi kutoka sokoni saa mbili, mtoto ameshalala, dakika 5 azitoe wapi. Swali zuri, mama, na sina jibu la kitabuni. Mzazi mmoja alikuwa anamsomesha mtoto asubuhi akimsuka nywele. Mwingine, dereva wa bajaji, mtoto alikuwa anasoma mabango njiani kuja shule: "sa-lu-ni", "vi-pu-ri". Hayo nayahesabu. Kama kuna bibi, babu, au mpangaji wa chumba cha pili mnayemwamini, naye ana masikio. Sio lazima uwe wewe kila siku, ila Jumapili uwe wewe.

Tutoke sasa. Darasa ni lile la mwisho, karibu na tangi la maji. Naomba kila mtu akaingie, akae kwenye dawati, sio kusimama mlangoni. Magoti yatagonga, vumilieni kidogo. Akaaye dawati la nyuma kabisa aniambie kama anauona mstari nilioandika chini ubaoni, maana hapo ndipo nitamweka mtoto wa mmoja wenu Jumatatu.