Ukuta wa mtaa tuuvishe leso: vile twafanya, mwanzo mpaka mwisho

Haya jamani karibuni, leo niko hapa Majengo, Mombasa, na huu nyuma yangu mwauona ni ukuta wa mita 9 kwa mita 2 na nusu, mwenyewe katupa ruhusa ya kuuchora na ukimaliza kuangalia hii video na wewe utaweza kufanya hivi mtaani kwako. Hatutachora jahazi. Nasema mapema kwa sababu ukuta wangu wa kwanza nilijichorea peke yangu siku mbili, majahazi, minazi, dele la kahawa, nikajiona fundi, mzee mmoja wa barazani akapita akasimama akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya hoteli gani?" Basi. Tangu siku hiyo sishiki brashi kabla watu wa mtaa hawajasema wanataka nini.

Kwa hivyo leo tunachora leso, yaani kanga. Kila nyumba hapa iko na leso, awe mwenyewe ni Mswahili, Mgiriama, Mkamba au Muhindi, na leso tayari imekugawia kazi: kuna pindo linalozunguka, kuna mji pale katikati, na kuna jina, yale maneno ya chini. Ukuta ni hivyo hivyo.

Kwanza kabisa ruhusa. Mwenye ukuta akuandikie kwa karatasi, usikubali ya mdomo, halafu mzee wa mtaa na chifu wajue. Na kama uko Mji wa Kale ngoja kidogo, kule ni eneo la uhifadhi tangu 1990 na kuna ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, pitia hapo kwanza, na mwakumbuka 2018 kaunti ilitoa agizo majengo ya kule na ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, kwa hivyo usiende na nyekundu yako ukadhani utashangiliwa.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe, na watu wengi ndipo wanaporuka. Tulikaa barazani jioni tatu, kahawa na kashata, nikamwambia kila mtu aje na kitu kimoja cha kwao nyumbani. Kitu tu, kabila hatuulizi na sura za watu hatuchori, sura italeta maneno, huyu yuko yule hayuko, na wengine dini haiwaruhusu. Vikaja vitu sikutarajia. Angalieni hii mbuzi ya nazi, nawasogezea kamera, mwauona ulimi ulivyoliwa upande mmoja? Mwenyewe atumia mkono wa kushoto, na mamake pia alikuwa wa kushoto, ulimi umeisha kwa upande wao. Bibi wa Kigiriama alikuja na hando yake, ile sketi ya marinda, ameikunja ndani ya gazeti. Jirani Mkamba patasi ya kuchongea. Mama wa Kihindi wa ghorofa ya juu akateremsha bati la masala, lile la duara lenye vikopo saba ndani, akasema nirudishiwe na bizari yangu. Kijana wa boda akaleta helmeti, wazee wakacheka, mimi nikaiweka kwa meza na vingine. Vyetezo vilikuja vinne, tukachukua kimoja.

Jina ndilo lilileta vita. Kila mtu na methali yake, nyingine ndefu kama barua. Tukachuja zikabaki tatu, tukaweka bakuli tatu na kila mtu punje moja ya mbaazi, watoto pia, na likashinda hili: KITI CHAKO KIPO, UMECHELEWA WEWE. Mama aliyelitoa alikuwa anamsema shoga yake aliyekuja jioni ya tatu vitu vishaisha kuchaguliwa, ndio utamu wa jina la leso huo, lamchoma mtu na bado lamkaribisha.

Haya, ukuta. Pitisha kiganja hivi... mwaona unga mweupe? Hii ni chumvi. Nyumba zetu nyingi ni mawe ya matumbawe na hewa ni ya bahari, chumvi yatoka na unyevu ndani ya jiwe na ukiipaka rangi juu itaisukuma rangi yako mpaka ivimbe ibanduke. Usiioshe na maji kwanza! Maji yairudisha ndani. Isugue kavu na brashi ya waya, fagia, halafu kata kipande cha nailoni, ile ya kufungia godoro, kibandike na tepu pande zote nne mpaka kesho. Ukikuta matone kwa ndani ukuta bado wanywa maji mahali, tafuta paipu inayovuja au subiri ukauke. Na plasta mpya iache wiki nne. Sisi twapaka Januari na Februari, kaskazi, ukuta umekauka vizuri na masika bado.

Praima ya nje, ile rangi ya chini, paka mara moja, kisha emalsheni ya nje nyeupe, yaani rangi ya maji, mara mbili. Hesabu ni kama lita moja kwa mita 10 za mraba ukuta ukiwa laini, wetu ni mita 22 na nusu mara mbili, ingetosha lita 4 na nusu lakini ukuta wenye mikwaruzo wanywa, nunua makopo mawili ya lita 4. Fanya asubuhi mpaka saa nne, halafu saa kumi jioni urudi. Jua la mchana lakausha rangi kabla hujaitandaza.

Pindo ni sentimita 25 kuzunguka kote, nyekundu, na rangi zetu ni za kisutu, ile leso ya zamani, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Stensili ya maua, ile yenye matundu ya kupitishia rangi, nimekata kwa filamu ya eksrei ya zamani. Usitumie brashi hapa, tumia kipande cha sponji ya godoro, chovya kidogo, kamulia kwa gazeti, gonga gonga, ukipaka kwa brashi rangi yaingia chini ya stensili na ua lako linakuwa dimbwi.

Kwa mji, pale katikati, tulingoja usiku, na hapa hauhitaji projekta. Tochi ya simu moja, ile yenye taa moja tu, zikiwa mbili kivuli chatoka mara mbili. Mtu ashike mbuzi kati ya tochi na ukuta, aisogeze karibu na tochi kivuli kikue, mwingine akifuate na chaki. Mikono itatetemeka, mpe kiti akae. Mwenye kitu ndiye ashike chaki, hata kama hajui kuchora, ule mstari uliopinda wa bibi wa hando sikuunyoosha na mtu asininyooshee.

Jina sasa. Usianzie kushoto, utafika UMECHELEWA ukuta uishe. Hesabu herufi, nafasi na hiyo koma: ni 32. Nimezipa sentimita 25 kila moja, mita 8, ndani ya pindo kuna mita 8 na nusu, zabaki 25 kila upande. Katikati yaangukia baada tu ya koma, tia alama hapo, andika KIPO kwa kurudi nyuma, na UMECHELEWA kwa kwenda mbele.

Vanishi ya nje isiyo na rangi mpake rangi ikikauka kabisa, sisi tuliacha siku tatu. Na rangi iliyobaki usiimwage, funga makopo vizuri, andika kwa kifuniko ni ya wapi, nyekundu pindo, nyeusi herufi, muachie mtu aliye karibu na ukuta. Yetu iko kwa yule mama wa bati la masala, maana tuktuk hugeuzia hapa na kona ya pindo ishakwaruzwa mara mbili.