Olynthus, Ugiriki: twende tukaingie majumbani

Habari zenu ndugu zangu, na wazee wangu mnaonitazama kutoka nyumbani, shikamooni. Leo niko Olynthus, kaskazini mwa Ugiriki, upande wa Chalkidiki. Hapa hamtaona nguzo ndefu za marumaru kama zile za Athens. Mtaona misingi ya nyumba, safu kwa safu, mpaka kule mwisho wa kilima. Nimewaleta makusudi. Ugiriki ya kale tunayooneshwa kila siku ni ya miungu na wafalme, na mimi nataka muone walipokaa watu.

Mwaka 432 kabla ya Kristo, miji midogo ya pwani hii iliasi utawala wa Athens. Mfalme Perdiccas wa Macedonia akawashawishi wenyeji wayaache makazi yao ya baharini, wahamie huku bara, wawe mji mmoja wenye nguvu. Wakahama. Kilima hiki kikapimwa viwanja: barabara zimenyooka, nyumba 10 kila kitalu, tano huku na tano kule, na katikati kichochoro chembamba cha kupitisha maji. Kiwanja kimoja ni kama mita 17 kwa 17. Vinakaribiana sana kwa ukubwa, na hilo linanigusa, kwamba waliohama pamoja walianza karibu sawa.

Ngoja nigeuze kamera. Huu hapa ua. Vyumba vikubwa viko kaskazini mwa ua, na mbele yake palikuwa na kibaraza chenye paa kinachotazama kusini. Huku wakati wa baridi jua hupita chini, upande wa kusini, kwa hiyo lilikuwa linaingia mpaka ndani. Sisi tuliozoea kulikimbia jua hatungewaza hivyo, lakini ukikaa Januari moja tu huku utawaelewa. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, zimekwisha; yaliyobaki ni mawe ya msingi.

Chumba cha wageni wanaume ndicho kilichopambwa. Walikula wamejilaza kwenye vitanda vilivyozunguka ukuta, na katikati sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa mkono, moja moja. Sakafu moja ina picha ya Bellerophon, shujaa wa hadithi za Kigiriki, juu ya Pegasus, farasi mwenye mabawa, akimchoma mkuki zimwi liitwalo Chimera. Nyingine ina maandishi ya kuisifu bahati njema.

Bahati hiyo ilikatika mwaka 348 kabla ya Kristo. Philip wa Pili, mfalme wa Macedonia na baba yake Alexander Mkuu, aliuzingira mji. Kule Athens, msemaji maarufu Demosthenes alisimama akawasihi wenzake wapeleke msaada, na hotuba zake tatu kuhusu Olynthus tunazo hadi leo. Msaada wa mwisho ukachelewa. Makamanda wawili wa wapanda farasi, Lasthenes na Euthycrates, wakausaliti mji. Philip akaubomoa, na wakazi wakauzwa utumwani. Wanawake, watoto, wote.

Kati ya 1928 na 1938, David Robinson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alichimba hapa akafukua nyumba zaidi ya 100. Kwa kuwa mji ulivunjika ghafla, vyombo vilikutwa majumbani: mabafu ya udongo, sarafu, vizito vya kukazia nyuzi za kufumia, vingi ajabu. Na pamoja navyo vipande vya madini ya risasi vya kurushwa kwa kombeo, vingine vimeandikwa jina la Philip. Jamani, hebu fikirieni. Mama anafuma nguo nyumbani kwake, na kinachomwangukia uani kina jina la mtu aliyekuja kumuuza.

Vitu vingi vya humu viko kwenye makumbusho ya akiolojia ya Thessaloniki; nendeni huko kwanza, halafu mje kilimani, mtaona chumba kwa chumba kilikuwa na nini. Njooni asubuhi na mapema, mbebe maji ya kutosha. Kivuli huku juu ni kidogo mno.