Gari Jipya Lisilotengenezeka: Haki za Mnunuzi katika Jimbo la Ohio

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua wengi wetu tunaoishi Columbus na miji ya jirani. Mtu anachukua mkopo na kununua gari jipya, kwa kuwa bila gari hawezi kufika kazini zamu ya usiku, na kabla mwaka haujaisha gari limerudi gereji mara nne kwa ugonjwa uleule. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo gari hununuliwa likiwa limeshatumika, mara nyingi kutoka Japani, na likiharibika mwenye gari humtafuta fundi wake, wala hafikirii kumrudia aliyemuuzia. Mazoea hayo tumekuja nayo, na hapa yanatugharimu, maana sheria ya Ohio inampa mnunuzi wa gari jipya haki kubwa, ila imeifunga haki hiyo kwa muda.

Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria iitwayo Magnuson-Moss, inayohusu waranti, yaani ahadi ya mtengenezaji kwamba bidhaa ikiwa na kasoro itatengenezwa. Sheria hiyo ilimwezesha mnunuzi kwenda mahakamani pale waranti ya maandishi isipotimizwa. Haikusema, hata hivyo, gari litengenezwe mara ngapi ndipo ihesabiwe kwamba kiwanda kimeshindwa, kwa hiyo mteja aliweza kuambiwa arudi wiki ijayo, na wiki nyingine tena, bila mwisho. Jimbo la kwanza kutunga sheria yake la kuziba pengo hilo lilikuwa Connecticut, mwaka 1982, na leo kila jimbo lina sheria ya namna hiyo, kwa vipimo vyake lenyewe. Ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyeko Texas au Arizona unaweza kukupoteza ukiufuata hapa.

Vipimo vya Ohio ni hivi. Ubovu lazima uwe umeripotiwa ndani ya mwaka mmoja tangu gari lilipokabidhiwa, au kabla halijatembea maili 18,000, lolote litakalotangulia, na uwe ni ubovu unaopunguza kwa kiasi kikubwa matumizi, thamani au usalama wa gari. Ikiwa katika muda huo tatizo moja limetengenezwa mara tatu na bado lipo, au gari limefanyiwa matengenezo mara nane kwa matatizo yoyote, au limelala gereji kwa jumla ya siku 30, sheria inachukulia kwamba kiwanda kimepewa nafasi ya kutosha. Kwa ubovu unaoweza kuua au kujeruhi vibaya, kama breki zinazogoma, jaribio moja lililoshindwa linatosha. Hapo kiwanda kinawajibika kukupa gari jingine jipya au kukurudishia fedha, na anayechagua kati ya hayo mawili ni wewe. Fedha hizo ni bei kamili pamoja na gharama zilizoambatana na ubovu, kama vile kukokotwa kwa gari na kukodi jingine. Aliyekodi gari jipya kwa mkataba wa muda mrefu naye analindwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapopoteza haki zao. Madai haya husimama au huanguka kwa karatasi ya gereji. Kila gari linapotengenezwa chini ya waranti, sheria inaitaka gereji ikupe maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yote iliyofanyika, vipuri na ufundi. Wengi huondoka bila karatasi hiyo kwa kuwa hawakulipa kitu, wakidhani pasipo malipo hapana risiti. Wengine wanayo, lakini someni kilichoandikwa. Mama amefika kaunta akiwa na mwanawe wa miaka kumi na miwili kama mkalimani. Mara ya kwanza mtoto anasema gari linatetemeka, mara ya pili anasema halina nguvu, mara ya tatu anasema linapiga kelele. Ugonjwa ni mmoja, wa giaboksi, lakini kwenye karatasi yamekuwa malalamiko matatu tofauti, na wakili wa kiwanda atasema hakuna tatizo lililotengenezwa mara tatu. Kwa hiyo andikeni malalamiko nyumbani kabla ya kwenda, kwa Kiingereza kilichosahihishwa na mtu mzima anayekijua, na myarudie kwa maneno yaleyale kila mara mradi tatizo ni lilelile: gia inachelewa kuingia gari likiondoka kwenye taa. Hakikisheni tarehe ya kuliacha gari na tarehe ya kulichukua zimeandikwa, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa kutoka humo. Fundi akiandika kwamba hakuona hitilafu, msikate tamaa wala msikatae karatasi. Ichukueni, kwani inathibitisha kwamba mlilalamika siku hiyo.

Jambo jingine linalonisikitisha ni mtu kuacha kulipa mkopo kwa hasira. Benki haikutengeneza gari. Italichukua, na wewe utabaki na deni, jina baya la mkopo na madai yasiyo na gari la kuonyesha. Endelea kulipa huku ukidai.

Madai yenyewe yaelekezwe kwa kiwanda, kwa barua, maana muuzaji aliyekupa funguo si ndiye aliyetoa waranti. Ikiwa kiwanda kina mpango wa usuluhishi ulioidhinishwa na Mwanasheria Mkuu wa Ohio, lazima uupitie kwanza kabla ya mahakama. Msiuogope. Uamuzi wake unakifunga kiwanda, lakini usipokuridhisha bado unaweza kushtaki. Ukishinda mahakamani, sheria inaruhusu kiwanda kiagizwe kulipa ada ya wakili wako, na kwa sababu hiyo asiye na fedha hana haja ya kukaa nyumbani. Kesi inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitano tangu gari lilipokabidhiwa.

Kuhusu magari yaliyorudishwa viwandani, sheria inataka hati ya umiliki iwekwe alama kwamba gari lilinunuliwa tena na mtengenezaji, na lenye ubovu wa kuhatarisha maisha haliruhusiwi kuuzwa tena Ohio. Anayenunua gari lililotumika, basi, aombe kuiona hati hiyo kabla ya kutoa fedha, na kama limetoka jimbo jingine aichunguze historia yake kwa namba ya chesisi.