Matao Mawili ya Derbforgaill

Mabibi na mabwana, wageni wengi wakifika Clonmacnoise, magofu ya makao ya kale ya watawa kando ya mto Shannon katikati ya Ireland, huishia kwenye misalaba mikubwa na kanisa kuu, kisha wakarudi zao. Mimi nawaomba mfuate njia ya mahujaji kuelekea mashariki, mwendo wa dakika chache tu, mpaka kwenye Kanisa la Watawa.

Paa halipo. Kuta nyingi zimebaki kimo cha kiuno au chini yake. Kilichosimama ni matao mawili: la mlango wa magharibi, na la ndani lililotenga ukumbi wa waumini na chumba cha madhabahu.

Kumbukumbu za watawa zinasema kanisa hili lilikamilishwa mwaka 1167 na Derbforgaill, binti wa mfalme wa Mide. Huyu ndiye mwanamke ambaye mwaka 1152 Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, alimchukua kutoka kwa mumewe. Vitabu vimemkumbuka kwa mkasa huo, na naona amedhulumiwa. Mwanamke aliyejenga hivi alistahili kukumbukwa kwa alichojenga.

Sasa sogeeni mlangoni. Tao lake limepangwa duara ndani ya duara, na mojawapo lina vichwa vya wanyama vilivyofuatana, kila kimoja kimeng'ata fito nene ya jiwe inayozunguka tao. Ingieni ndani. Tao la madhabahu limejaa nakshi za meno ya msumeno, yanayokutana na kuacha vijumba vyenye umbo la almasi. Katika kijumba kimoja kuna kimtu, miguu imeinuliwa mpaka ubavuni mwa kichwa. Ni kidogo mno. Mtu anaweza kupita mara kumi asikione. Wataalamu wanabishana maana yake. Mimi hunishangaza kwamba fundi alikiweka pale, juu ya njia ya kuendea madhabahu, na aliyemlipa akaridhia.

Na jambo hili lisemwe wazi: matao haya yalikuwa yameanguka. Mwaka 1865 wapenzi wa mambo ya kale kutoka Kilkenny waliokota mawe majanini wakayapanga upya. Tazameni maungio, mtaona nakshi inakatika ghafla, jiwe tupu limeziba pengo, kisha nakshi inaendelea.

Mkiweza, nendeni jioni. Matao yote mawili yanaelekea machweo, na kwa kuwa hakuna paa, jua hupita mlangoni likaufikia ule msumeno, kila jino na kivuli chake.