Wa Kula au wa Kuku? Mhadhara kuhusu Tuzo za Vipindi vya Uhalisia

(Ulitolewa mbele ya wanafunzi wa utangazaji, Mwanza)

Mwangaluka! Mmeitikia wachache, kumbe wengi wenu ni wageni wa mji huu. Karibuni. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele.

Jana nilipita Mwaloni, pale Kirumba, kununua dagaa. Kabla hatujafika kwenye bei, mama muuzaji akaniuliza, "Wa kula au wa kuku?" Nikamwuliza tofauti yao. Akanitazama juu mpaka chini. "Baba, dagaa ni hao hao. Hawa wameanikwa chanjani, wale mchangani." Ziwa lile lile, usiku ule ule, taa zile zile, kilichowatenga ni mahali walipolazwa kukauka. Nikajua mhadhara wa leo nimeshaupata.

Tuje kwenye Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, na jinsi zinavyovipanga vipindi vya uhalisia, yaani vya watu halisi wasioigiza. Survivor, cha watu wanaoachwa porini washindane mpaka abaki mmoja, kilipoanza kurushwa kule mwaka 2000, kipengele chake hakikuwapo. Mwaka 2001 kikapewa tuzo katika kundi la vipindi visivyo vya kubuni, daraja maalumu. Ukiona neno "maalumu" kwenye tuzo, jua wenye tuzo hawajajua wakuweke wapi. Kipengele cha mashindano ya uhalisia kilikuja 2003, na hapo kuna kichekesho: Survivor, kilichofungua njia, hakijawahi kukishinda hata mara moja. The Amazing Race, cha watu wanaokimbizana nchi hadi nchi, kilinyakua miaka saba mfululizo, 2003 hadi 2009. Mwaka 2010 wapishi wa Top Chef wakawakatisha, kisha wakimbiaji wakarudi. Jumla wanazo 10.

Lakini mimi napenda zaidi upande wa pili, wa vipindi visivyo na mshindi. Mwaka 2013 kipengele kilikuwa kimoja tu. Ndani yake waliwania wavuvi wa kaa wa Deadliest Catch, wakaguzi wa vitu vya kale wa Antiques Roadshow, matajiri wa Shark Tank, na bosi anayejifanya kibarua katika Undercover Boss. Aliyeshinda ni huyo bosi. Hebu wewe uwe jaji: mvuvi anayepigwa na wimbi la bahari ya Bering unamlinganishaje na bibi aliyeleta birika lake likathaminiwe?

Mwaka uliofuata wakakata vipande viwili: vipindi vyenye muundo na visivyo na muundo. Chenye muundo kina kalibu. Shark Tank kila wiki ni vile vile: mtu anaingia, anaeleza biashara yake, matajiri wanauliza, wanatoa hela au hawatoi. Badilisha watu, kalibu inabaki. Kisicho na muundo kinakwenda na wahusika. Wakilala, kipindi kimelala. Mwaka huo wa 2014 Shark Tank kilishinda upande mmoja, Deadliest Catch upande wa pili.

Mgawanyo huo nauheshimu, ila jina "kisicho na muundo" siliamini. Miaka ya nyuma nilikwenda na kamera kwenye kambi moja ya dagaa visiwani. Alfajiri mtumbwi ukatia nanga, mimi bado nahangaika na betri. Nikamwomba nahodha arudi majini kidogo, aingie tena. Mzee akanijibu, "Nitarudi, mwanangu, lakini samaki wameshashuka." Akarudi kweli, mtumbwi mtupu, vijana wanacheka. Mezani nikaunganisha: mtumbwi unakuja, kata, dagaa wanamwagwa. Hakuna mtazamaji aliyeshtuka. Je, kipindi kile hakikuwa na muundo? Muundo ulikuwepo. Ulikaa kwenye meza ya uhariri, ambako hakuna aliyeuona.

Ndiyo maana nawaambia, tuzo hizi hazipimi ukweli. Zinapima kalibu imekaa wapi: studio, mbele ya macho yako, au kwa mhariri.

Chukueni Big Brother Africa, kile cha watu waliofungiwa nyumba moja na kamera, ambacho Watanzania tulikishinda mara mbili: Richard Bezuidenhout mwaka 2007, na Idris Sultan mwaka 2014, aliyeondoka na dola 300,000. Kwenye karatasi yalikuwa mashindano, maana kulikuwa na kura, kutolewa na fedha. Ila ungekaa mbele ya runinga siku ya Jumatano, ungeona nini? Watu wanapika, wananuniana, mmoja anaosha vyombo kwa hasira. Hapo mashindano yalikuwa wapi? Yalikuwa yanasubiri Jumapili. Na Shark Tank nacho, watu wanagombea hela waziwazi, wengine wanatoka mikono mitupu, lakini hakihesabiwi kuwa mashindano, kwa sababu hakuna bingwa wa msimu anayesubiriwa.

Naona mkono kule nyuma. Sema, mwanangu.

Anasema wenzake wanatengeneza kipindi cha mbio za mitumbwi, wiki nne, wakiwafuata wapiga makasia mpaka majumbani kwao. Anauliza wakiwania tuzo wajaze kipengele gani.

Kijana, nikuulize kwanza. Mkifuta fainali, mkakata kombe na zawadi vyote, zile wiki tatu za nyumbani bado kuna mtu atazitazama?

Unacheka. Haya, njoo hapa mbele utuambie, umekumbuka nyumba ya nani?