Wazungu ni wanafiki, sawa. Na dada zetu walioko Saudia?

Assalamu alaikum, hamjambo nyote nyumbani. Salamu Mombasa, Kilifi, Tanga na Unguja, na salamu za peke yake kwa nyinyi mlioko Dammam, Jeddah na Riyadh, mnaonitazama usiku wa manane chini ya blanketi ili mwanga wa simu usionekane mlangoni. Nawajua. Nilikuwa hivyo hivyo.

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, chai yangu hii hapa, kwa hivyo mtanivumilia sauti ikikwama. Leo sina mapishi wala safari ya sokoni. Video ya wiki iliyopita, niliyosema jinsi wafanyakazi wa nyumbani wanavyotendewa Saudia, imeniletea maneno mengi, na moja limenikaa. Mjomba mmoja wa Mombasa, namwita mjomba kwa heshima ingawa hatujuani, ameniandikia: "Mwanangu, umekuwa kasuku wa Wazungu. Waliotutawala, wakaivunja Iraq, leo ndio wa kuwafundisha Waarabu haki za binadamu? Na wewe unawasaidia." Maneno hayo yamependwa kuliko video yenyewe. Nimeyasoma mara tatu ndani ya basi, na nataka kumjibu mjomba kwa adabu.

Mjomba, kuhusu unafiki umesema kweli. Tena nitakuongezea ushahidi.

Tarehe 23 Novemba 2022, Kombe la Dunia, Doha. Wachezaji wa Ujerumani wanapanga mstari wa picha kabla ya kucheza na Japani, kisha wote wanaziba midomo kwa mikono, kwa sababu FIFA imewakataza kile kitambaa cha nahodha cha kutetea haki. Picha ikazunguka dunia nzima. Sasa hesabu nami: 24, 25, 26, 27, 28, 29. Siku ya sita Qatar ikatangaza mkataba wa kupeleka gesi Ujerumani, hadi tani milioni 2 kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua 15. Waziri wao wa uchumi wakati huo, Robert Habeck, alikuwa ameshakwenda Doha tangu Machi kuitafuta gesi hiyo, maana vita vya Ukraine vimewafanya waikimbie ya Urusi.

Hapa Uingereza ninakoishi, vilevile. Tarehe 12 Machi 2022 Saudia ilitangaza kuwaua kwa hukumu ya kifo watu 81 kwa siku moja. Tarehe 16, Boris Johnson, waziri mkuu wakati huo, yuko Riyadh anazungumza mafuta. Joe Biden naye alipokuwa akiomba kura aliahidi Saudia itatengwa kwa mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi, aliyeingia ubalozi wao mdogo wa Istanbul Oktoba 2018 asitoke. Julai 2022 Biden akatua Jeddah, akampa gota mwana wa mfalme.

Na kuna hili ambalo mimi mwenyewe nimelijua juzi juzi tu. Kafala, huu utaratibu wa mgeni kuwa chini ya kafili, yaani mwajiri aliyemleta, tumezoea kuambiwa ni mila ya Waarabu tangu jadi. Omar AlShehabi, mtafiti wa Bahrain, amefuatilia habari zake hadi kwenye utawala wa Waingereza. Miaka ya 1920 biashara ya Bahrain ilikuwa lulu, na wapiga mbizi wengi walitoka nje ya nchi. Maofisa wa Kiingereza walitaka kila mgeni awe na mtu wa kumwajibikia. Kwa hivyo Mwingereza anayeilaani kafala leo analaani kitu ambacho maofisa wa nchi yake walikilea.

Haya mjomba, hapo tumekubaliana mimi na wewe. Sasa niambie, hilo limemsaidia nini shaghala, mtumishi wa nyumbani, aliyefungiwa ndani usiku huu?

Niliondoka Mombasa 2019 na mkataba wa riyal 900 kwa mwezi. Uwanja wa ndege wa Dammam tuliketi chini, wasichana kama ishirini, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi, tukingoja kuitwa. Kafili alipofika hakuniuliza jina. Aliiomba bahasha. Pasipoti yangu ilikuwa ndani, akaitia mfukoni mwa kanzu, na sikuiona tena mpaka siku ya kurudi nyumbani.

Nyumba yenyewe haikuwa mbaya kama nyingine, lazima niseme kweli. Hakuna aliyenipiga. Bibi mzee, mama yake kafili, alikuwa akinibakizia tende na kuniombea dua. Lakini nilikuwa naamka kabla ya alfajiri, nalala saa saba usiku, siku zote saba za wiki, na mwezi wa kwanza sikulipwa, wa pili sikulipwa, wa tatu vilevile.

Mwezi wa nne nikamwendea madam, nikamwambia mamangu anadaiwa karo ya wanangu. Akaingia chumbani, akarudi na noti. Akazihesabu juu ya meza ya jikoni, moja moja, mpaka zikafika riyal 2,700. Mikono yangu ilikuwa na maji ya vyombo, nikaifuta kwa deraa ili nizipokee. Akazitazama zile noti, akanitazama mimi, akazikunja na kuzirudisha kwenye pochi. Akasema, "Nikikupa, utakimbia."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia maziwa yamekwisha. Na kwa hesabu za kafala alikuwa sawa. Amelipa maelfu kwenye maktab, ofisi ya kuleta wafanyakazi, ili niletwe, mimi ni mali iliyomgharimu, nikitoka mlangoni amepata hasara. Simwiti mwanamke katili. Alipewa na sheria ya nchi yake mtu mzima amfungie ndani, na akafanya kile ambacho wengi wangefanya wakipewa nguvu hiyo.

Siku zile nilikuwa nikipeleka taka nje mara mbili kwa siku hata kama ndoo haijajaa, maana pale kwenye pipa nilikuwa nakutana na mwenzangu wa nyumba ya jirani. Msichana wa Kaloleni, mwembamba, ana mwanya. Tulikuwa na dakika mbili tu. Siku moja alinionyesha mkono, chapa ya pasi hapa juu ya kifundo, pembe tatu iliyokamilika, ngozi bado mbichi. Sikumuuliza nani. Akaninong'oneza, "Dada, mi nataka kuwa kemboi." Kwa wasiojua, kemboi ndilo jina tunalomwita aliyemtoroka kafili, tumelichukua kwa yule mkimbiaji wetu. Ukishakuwa kemboi kafili anakwenda kukuandikisha mtoro, iqama yako, kile kibali cha kuishi nchini, inakufa, ukiugua unaogopa hospitali, ukidhulumiwa unaogopa polisi. Wiki iliyofuata hakuja kwenye pipa. Wala ile nyingine.

Mjomba, umeandika pia kwamba nikiisema Saudia naisema dini. Mimi nimesoma madrasa Kisauni. Ustadhi wetu alitufunza kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na kwamba hayo ni mafunzo ya Mtume. Jasho langu lilikauka miezi mitatu. Nani hapo ameikosea dini?

Narudi kwenye neno kasuku, maana ndilo lililoniuma. Kuna kijana wa Kikenya anaitwa Malcolm Bidali. Alikuwa mlinzi Doha, anaandika mtandaoni kwa jina la kificho kuhusu vyumba wanavyolazwa wafanyakazi. Tarehe 4 Mei 2021 alichukuliwa, akafungiwa peke yake karibu mwezi mzima, na baadaye akatozwa faini ya riyal 25,000. Hakuna Mzungu aliyemfundisha Bidali kwamba chumba chake kimejaa kunguni na watu. Alilala humo. Ripoti ya Amnesty, shirika la kutetea haki za binadamu, ya Mei 2025 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kenya walioko Saudia imetokana na mazungumzo na wanawake zaidi ya 70. Wanawake wetu. Wa Kenya. Waliosimulia ni wao, ofisi ya London ikaandika. Kwa hivyo mjomba, kama kuna kasuku hapa, basi ni huyo Mzungu anayerudia maneno yetu, na mimi sioni sababu ya kuyaacha maneno yangu kwa kuwa yeye ameyarudia.

Na yakirudiwa kwa nguvu yanafanya kazi. Qatar ilishitakiwa kwenye Shirika la Kazi Duniani 2014. Likafungua ofisi Doha 2018. Sheria ikabadilishwa 2020, mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri bila ruhusa ya mwajiri wa zamani, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyal 1,000, na kama mwajiri hakupi chakula na malazi anaongeza riyal 300 na 500. Wafanyakazi wa nyumbani wamo. Wenzangu walioko Doha wananiambia bado kuna waajiri wanaolipiza kisasi ukitaka kuhama, naamini. Lakini ukiwa na sheria una pa kushika. Saudia ilipofanya mageuzi yake Machi huo huo, ya kuwaruhusu wafanyakazi kuhama, wa majumbani waliachwa nje. Dereva wa nyumba, mpishi, yaya, mimi: nje.

Kwa nini? Doha kulikuwa na mpira. Kamera zilikwenda viwanjani, na mjenzi wa uwanja yuko nje, anaonekana. Shaghala yuko jikoni kwa mtu.

Hata tulipohesabiwa, tulirukwa. Mnaikumbuka ile idadi ya wafanyakazi 6,500 waliofariki Qatar, iliyotolewa na gazeti la Guardian Februari 2021? Ilikuwa ya India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka, vifo vya kila aina ndani ya miaka kumi. Gazeti lenyewe lilisema Ufilipino na Kenya hazimo. Ilichukua mpaka Machi 2025 New York Times kuandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, wamefia Saudia katika miaka mitano. Na waliandika pia nani anafaidika na biashara hii: wawekezaji wa ukoo wa kifalme kule, na huku kwetu, Kenya na Uganda, wanasiasa na jamaa zao wenye kampuni za kupeleka wafanyakazi. Mheshimiwa anayesimama jukwaani kukuambia kazi za nje ni baraka, muulize kwanza kama ana hisa kwa ajenti.

Disemba 2024 FIFA wakaipa Saudia Kombe la Dunia la 2034. Haikupigwa kura ya siri, walipigiwa makofi tu. Kamera zitakwenda tena, na miaka hii iliyobaki najua zitaelekea wapi: viwanjani.

Sasa na hapa nilipo mniulize, maana kuna watakaosema nimefika peponi. Mimi ni mlezi wa wazee, nimekuja kwa viza ya kazi. Mwajiri wangu hapa kwa Kiingereza anaitwa jina ambalo ukilitafsiri ni mdhamini. Kafili kwa Kiswahili ni nani? Mdhamini. Lugha yetu haikunipa maneno mawili. Nikiipoteza kazi, kwa kawaida nina siku 60 za kumpata mdhamini mwingine au niondoke nchini. Meneja wa kampuni yangu ya kwanza alitunyima saa tulizoahidiwa, na tulipolalamika akasema, "Kumbukeni nani amewaleta hapa." Nilisimama pale na viatu vya kazi mkononi, nikaisikia ile sauti ya jikoni Dammam.

Lakini sitasema ni kitu kimoja, nitakuwa nimewakosea walioko kule. Pasipoti yangu iko kwenye droo, hii hapa, mnaiona. Niliondoka kwa yule meneja nikapata kwingine, na kwenye chama cha wafanyakazi nimejiandikisha. Usiku nafunga mlango mwenyewe, na ufunguo ni wangu.

Wenye safari wiki hii: piga picha pasipoti, mkataba, namba ya ajenti na anwani ya kafili, umpe mtu wa nyumbani kabla hujapanda ndege. Usingoje kufika.

Na mlioko Kaloleni, Mariakani, Mazeras, nawaomba jambo. Mwaka 2020, Dammam, nyumba yenye lango la kijani karibu na msikiti mdogo. Ana mwanya, ana chapa ya pasi mkono wa kushoto, akicheka anaziba mdomo. Nyumbani alikuwa amemwacha mtoto wa kiume, na alikuwa akisema mtoto huyo anamwita nyanyake mama. Kama ni dada yako, kama ni jirani yako, kama amerudi au hakurudi, niandikie. Jina lake la baba sikuwahi kulijua, na nataka kulijua.