Kanuni za Kijamii na Haki katika Fikra za Uendelevu: Mfano wa Ngitili za Shinyanga

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Kauli hiyo ni ya kimaadili, kwa maana hakuna kipimo cha maabara kitakachotuambia kwa nini mtoto ambaye hajazaliwa ana haki juu ya mti uliosimama leo. Hilo huamuliwa na watu, na mfano ninaouleta ni wa Shinyanga.

Mkoa huo ulifikia kuitwa jangwa la Tanzania. Kwa miongo kadhaa misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka; kisha uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ukawatenga watu wengi na ngitili zao, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapopamba moto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takribani hekta 600 tu. Awali juhudi nyingi zilielekezwa kwenye vitalu na ugawaji wa miche. Baadaye wataalamu wakaurejea utaratibu ambao wenyeji waliujua tangu zamani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililohifadhiwa lilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Tutazame jinsi ngitili inavyolindwa. Mara nyingi haina uzio. Nyasi zimesimama, ng'ombe wenye njaa wanapita ukingoni, na kinachomfanya mchungaji awapitishe moja kwa moja ni kujua kwamba akivuka mpaka shauri lake litafika dagashida, kikao cha mila kinachotoza faini mbele ya majirani zake wote. Wakati wa kufungua, malisho hufunguliwa kipande kwa kipande, na ndama, ng'ombe wa kulimia na walio dhaifu hutangulizwa. Serikali ingeweza kuandika amri kama hiyo, lakini isingeweza kuweka askari katika kila mpaka wa kila kijiji.

Hata hivyo, sifa hizi, ambazo Shinyanga inazistahili, zisitufanye tusahau kwamba kanuni inayotiiwa si lazima iwe ya haki. Ngitili nyingi ni mali ya kaya mojamoja, hivyo mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye anayefaidika zaidi, ilhali asiye na mifugo hutegemea ruhusa ya kuokota kuni, kuchuma uyoga au kuchimba dawa. Wanawake, ambao kuni hizo ni mzigo wao wa kila siku, kwa desturi hawakuwa na sauti katika dagashida. Tukiwatetea watakaozaliwa miaka hamsini ijayo huku tukimfungia njia jirani aliye hai, maadili yetu yana walakini mkubwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yao. Rai yangu ni kwamba kijiji kinapoketi kuandika sheria ndogo za ngitili, haki ya kaya zisizo na ng'ombe iwekwe katika kifungu kilekile kinachotaja majira ya kufunga malisho, na wanawake wawepo kikaoni kifungu hicho kinapoandikwa.